Shingo Upande

Yai moja tu.
Trei arobaini nyuma ya pikapu, kutoka Ahero,
na pale kwenye matuta ya Nyamasaria
lori la miwa likanigusa nyuma.
"Nimekubusu tu, mama," dereva akasema.
Tukahesabu pamoja, yeye akimulika kwa simu:
yai moja tu limepasuka.
Akalilipa. Shilingi ishirini.
Nikashukuru Mungu, nikaenda zangu Kibuye kuuza.

Shingo ilingoja siku ya tatu.
Alfajiri niliamka nikitazama ukuta
na ukuta haukuniachilia.

Sasa niwaambie kuhusu shingo hii.
Tangu darasa la pili imepandisha maji ya Nyando,
kwanza kibuyu, halafu sufuria, halafu mtungi wa lita ishirini,
mikono yangu huru, nikimenya njugu njiani.
Imebeba kuni. Imebeba mpunga.
Imebeba godoro la arusi ya dada yangu Risper
kilomita tano, na mvua juu.
Haikuwahi kuuliza ujira.
Na siku isiyobeba kitu,
siku nimekaa kitini kama tajiri, mkanda kifuani,
msukumo wa mlango uliopigwa na upepo
ukaiangusha.

Picha zikapigwa. Mifupa, wakasema, iko sawa.
Nikapewa vidonge na kola ya sponji.
Mume wangu Okumu akaiinua picha dirishani
kama anayekagua noti ya elfu:
"Sasa wewe unaumwa nini?"

Kulikuwa na mambo nisiyoyaweza.
Kurudisha pikapu nyuma.
Kuchungulia ndani ya chungu.
Kusema ndiyo bila mdomo.
Kusema hapana bila mdomo; hili lilinigharimu zaidi.
Kanisani, tulipoambiwa tuinamishe vichwa,
nilibaki wima peke yangu, macho wazi,
nikamwona mzee wa sadaka akipiga miayo,
nikamwona Okumu na matokeo ya mpira
katikati ya kitabu cha nyimbo.
Mungu naye, nadhani, aliniona.
Hatukusemezana.

Ngazi za Milimani nilizipanda shingo upande,
kwa maana zote mbili,
kwa kuwa niliambiwa yule mama hunyonga watu.
Naliaka, tabibu wa uti wa mgongo, wa mikono mitupu.
Mikono yenyewe midogo, ya kuchambulia dengu.
Siku ile hakunyoosha kitu.
Aliuliza kama vidole vinakufa ganzi,
kama naona kimoja kikiwa viwili,
kama usiku nalala au nalinda.
Kisha akapita kwa kidole gumba, pingili kwa pingili,
kama mnunuzi wa muwa asiyeamini macho,
na kwenye ya tano akasimama.
"Ni hapa."
Nikalia, wala hakuwa ameniumiza.
Miezi miwili, na huyu ndiye wa kwanza kusema ni hapa.

Mlio ulikuja ziara ya tatu,
mdogo, wa njugu inayomenywa.
Zaidi ya hapo ilikuwa kazi ya nyumbani:
vuta kidevu nyuma kama uliyetajiwa bei ya kipumbavu,
mara kumi.
Geuka kushoto mpaka pale inapokataa, iombe, rudi.
Kulia vilevile. Mara kumi.
Wiki ya nne nikauona mlango.
Ya saba, kalenda iliyo nyuma ya mlango,
bado iko mwezi ule wa lori.
Naliaka hakunidanganya:
siku za baridi itakudai, akasema, na wewe ulipe kidogo kidogo.

Jana Okumu alikuja na ile sauti yake ya asali.
Ndugu yake anataka pikapu, mpaka Jumapili tu,
mafuta ataweka, unamjua Ochola.
Namjua Ochola.
Zamani ningekubali, shingo upande.
Nikaweka chini trei niliyoshika.
Nikageuza kichwa kushoto, kidevu kikaliona bega.
Nikakirudisha. Kulia, bega la pili.
Taratibu, bila kusema neno,
yeye amesimama ananitazama,
mara kumi,
kama nilivyoandikiwa.